Mguu Usiohisi: Kisukari na Mishipa ya Fahamu

Mtu akiambiwa kwamba ana kisukari, aghalabu mawazo yake hukimbilia sukari ya chai, wali na tende, na hofu yake, ikiwa amepata kusikia habari za wenzake, huelekea kwenye macho yatakayofifia au figo zitakazochoka. Lakini mishipa ya fahamu, ambayo huharibika kwa wagonjwa wanaokaribia nusu ya wote katika muda wa maisha yao, haitajwi sana wala haiulizwi, na hata yule ambaye nyayo zimeanza kumchoma usiku hudhani ni uchovu, au baridi yabisi, au uzee uliomjia kabla ya wakati wake. Kupuuzwa huku kuna sababu. Macho yakififia, mwenye macho hujua kwamba haoni. Bali mguu ukipotewa na hisia hakuna kiungo kingine kitakachompasha habari mwenye mguu, kwa kuwa kilichoharibika ndicho chenyewe kilichopewa kazi ya kupeleka habari. Kwa maoni yangu hatari kuu ya maradhi haya imo katika kimya kinachoyafuata maumivu, kuliko katika maumivu yenyewe ambayo walau humwongoza mtu kwa tabibu. Na madhali wagonjwa, jamaa zao na waganguzi wao wanaendelea kungojea uchungu ndipo watazame, miguu itaendelea kukatwa ambayo ingaliweza kubaki.

Elimu ya tiba yenyewe ilichelewa kulitambua jambo hili, na ilianza kwa kulishika kinyume. Mwaka 1849 mwanachuoni wa Kifaransa, Claude Bernard, alimdunga sungura sindano katika sehemu ya chini ya ubongo, na baada ya muda akaikuta sukari katika mkojo wa mnyama yule. Tangu hapo matabibu wengi wakaamini kwamba kisukari ni maradhi yanayochipuka katika mishipa ya fahamu, na kwamba mgonjwa akilalamika miguu basi huo ndio mzizi wa ugonjwa wake. Ilikuwa mwaka 1864 ambapo Mfaransa mwingine, Marchal de Calvi, aliipindua kauli hiyo akasema kwamba kisukari ndicho kinachoiharibu mishipa, wala si mishipa inayoleta kisukari. Mwaka 1885 tabibu wa London, Frederick William Pavy, akazieleza dalili kwa namna ambayo hata leo haihitaji kurekebishwa sana: miguu mizito, nyayo zilizokufa ganzi, maumivu ya ghafla yanayozidi usiku, ngozi isiyostahimili kuguswa, na goti lisiloruka linapogongwa.

Ili kufahamu kwa nini taabu huanzia vidoleni, yafaa kujua jinsi mshipa wa fahamu ulivyojengwa. Uzi unaochukua hisia za kidole gumba cha mguu ni sehemu ya chembe moja tu, ambayo kiini chake kipo karibu na uti wa mgongo, na uzi wenyewe hutambaa urefu wa takriban mita 1, ukiwa mwembamba usioonekana kwa jicho. Chakula cha uzi huo na vifaa vya kuutengeneza hutengenezwa kiinini, kisha husafirishwa safari yote hiyo hadi nchani. Na kama vile kijiji kilicho mwisho wa njia kinavyokuwa cha kwanza kukosa bidhaa njia inapoharibika, ndivyo ncha za nyuzi ndefu kuliko zote zinavyokuwa za kwanza kudhoofika. Sukari iliyozidi katika damu huingia katika chembe hizi bila kungojea ruhusa ya insulini, hugeuzwa huko kuwa sukari ya namna nyingine iitwayo sorbitoli, na katika kugeuzwa huko humaliza akiba ya kinga inayozuia chembe zisichomwe na hewa zilizo kali. Sehemu nyingine ya sukari hushikamana na protini na kuzikakamaza. Na mishipa midogo ya damu, ile inayoulisha mshipa wa fahamu wenyewe, huziba polepole. Mafuta yaliyozidi katika damu, shinikizo kubwa la damu, unene wa tumbo na tumbaku huongeza shari juu ya shari, na ndiyo maana wapo watu ambao sukari yao si mbaya mno lakini nyayo zao zimekwisha kuharibika siku ile ile wanayoambiwa kwamba wana kisukari.

Dalili huanza katika miguu yote miwili kwa pamoja, zikapanda kwa umbo la soksi. Na zikaribiapo magoti, ndipo ncha za vidole vya mikono nazo zinapoanza kufa ganzi, maana umbali wa kutoka uti wa mgongo hadi vidole hivyo unalingana na ule wa kufika gotini au karibu yake. Wagonjwa husema wanaungua, wanachomwa sindano, wanatambaliwa na siafu chini ya ngozi, na wengine shuka tu ikiwagusa usiku hawalali. Jambo linalowatatiza wengi ni kwamba mguu huo huo unaomkesheza mtu kwa uchungu waweza kukanyaga msumari mchana usitambue. Hakuna mgongano hapa. Nyuzi zilizojeruhiwa hupiga kelele zenyewe pasipo kuguswa, na ubongo huzisikia kelele hizo kama moto. Ilhali nyuzi hizo hizo haziwezi tena kuchukua habari ya kweli kutoka nje. Ndipo huja siku ambayo kelele hupungua, na mgonjwa hushukuru, akasema ile mizizi aliyochemshiwa imemfaa au mafuta aliyokandwa yameondoa ubaya, na jamaa zake wakafurahi pamoja naye. Kumbe nyuzi zimekufa, na kilichoondoka ni sauti yao ya mwisho. Katika habari zote za maradhi haya sijui nyingine inayostahili kutangazwa zaidi kuliko hii, kwamba nyayo zilizokuwa zikiwaka kisha zikanyamaza bila sababu iliyothibitishwa na tabibu yapasa zichunguzwe upesi kuliko hapo zilipokuwa zikiuma.

Na tuufuate mguu mmoja, hatua kwa hatua, tuone donda linavyopatikana. Kwanza misuli midogo iliyo ndani ya wayo hunyong'onyea kwa kukosa amri, vidole vikajikunja, na uzito wa mwili ukaangukia pale penye vichwa vya mifupa nyuma ya vidole. Kisha jasho hukauka, kwa kuwa tezi zake nazo hutawaliwa na mishipa ya fahamu, ngozi ikawa kavu na visigino vikapasuka magaga. Pale penye uzito huota sugu, na sugu hiyo kwa ugumu wake huigandamiza nyama iliyo chini yake kila hatua, maelfu ya hatua kwa siku, hadi damu inavuja ndani pasipo mtu kuona. Mtu mwenye hisia angalichechemea. Na huko kuchechemea, ambako watu hukuhesabu kuwa ni udhia, ni tiba kubwa ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka mwilini, kwa kuwa huliondolea jeraha uzito mpaka lipone. Asiye na hisia huendelea kutembea sawasawa, akaenda sokoni, akapanda daladala, akasimama jikoni, na sugu ikapasuka likawa donda, na donda likashuka mpaka mfupani. Juu ya hayo mguu wenyewe mara nyingi huwa na joto na mapigo mazuri ya damu, kwa sababu mishipa ya damu iliyokosa msimamizi hulegea ikapanuka, hata mwenye mguu akiupapasa huona kwamba u mzima. Wakati mwingine mifupa ya wayo huvunjika pasipo ajali, mguu ukavimba na kuwa mwekundu, na tao la wayo likaporomoka. Hali hii tabibu Jean-Martin Charcot aliieleza mwaka 1868 kwa wagonjwa wa maradhi mengine ya uti wa mgongo, na mwaka 1936 Jordan, tabibu wa Marekani, akaiunganisha na kisukari. Anayedhani ni jipu au gauti, akamwacha mgonjwa aendelee kutembea, humpotezea mguu.

Kipimo cha kuutambua mguu wa namna hii ni rahisi kiasi cha kusikitisha, ukifikiri ni mara ngapi hakifanywi. Muuguzi huchukua uzi wa nailoni uliotengenezwa upinde pale tu unapobeba uzito wa gramu 10, akamwambia mgonjwa, "Mama, fumba macho, kila ukihisi nakugusa sema ndiyo." Kisha huugusisha uzi chini ya kidole gumba, chini ya vichwa vya mifupa ya wayo, mpaka uzi unapinda, akauondoa, akahamia mguu wa pili. Kliniki za kisukari zimezoea kuliona jambo linalofuata: mama amenyamaza muda wote ule, na muuguzi anapokwisha kabisa, yeye huuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona huanzi?" Aliyelisikia swali hilo mara moja hahitaji hotuba juu ya hatari ya ganzi. Na pasipokuwa na uzi, kidole cha mkono chatosha: matabibu wa Ipswich, Uingereza, walionyesha mwaka 2011 kwamba mtu akimgusa mgonjwa kwa ncha ya kidole, kwa wepesi, bila kusukuma, sekunde 1 au 2, juu ya kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano cha kila mguu, na mgonjwa aliyefumba macho akakosa kuhisi mara 2 au zaidi katika hizo 6, basi upungufu upo, na yampasa aende kwa tabibu. Kipimo hiki mtoto wa shule aweza kumfanyia bibi yake barazani.

Maarifa ya kuutunza mguu usiohisi yalitoka, kwa sehemu kubwa, katika maradhi mengine ambayo watu wa kwetu waliyajua tangu kale. Paul Brand, daktari wa upasuaji wa Kiingereza, alikwenda Vellore, kusini mwa India, mwaka 1946, akakuta kila mtu akiamini kwamba ukoma huozesha vidole. Akathibitisha kwamba nyama ya wakoma yaweza kupona kama nyama ya mtu mwingine yeyote, na kwamba vidole huharibiwa na majeraha ya kila siku ambayo mwenyewe hayahisi. Wagonjwa wengine walikuwa wakiamka wamepungukiwa na kipande cha kidole, na walipolindwa usiku ikaonekana ni panya waliokuwa wakitafuna. Baadaye Brand alihamia hospitali ya wakoma ya Carville, Louisiana, huko Marekani, na humo akawaona watu wa kisukari wenye madonda yale yale, akawatibu kwa njia ile ile ya kuufunga mguu kwa plasta inayoushika pande zote, ili uzito usambae na donda lipumzike ingawa mtu anatembea.

Habari ile ya panya haikubaki India. Mwaka 2005 Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliandika katika jarida la tiba juu ya wagonjwa wa kisukari wa Tanzania ambao nyayo zao zilitafunwa na panya usingizini, wasiamke. Wakaja hospitali wakiwa wamechelewa na jeraha limekwisha kuoza. Naitaja habari hii, ijapokuwa yatisha, kwa sababu inatoa jibu kwa wale wanaosema kwamba mashauri ya mguu ni ya nchi za matajiri: mtu anayelala chini katika chumba chenye panya, anayevaa kandambili, anayepikia kuni, anahitaji mashauri hayo maradufu. Abbas na wenzake walionyesha pia kwamba katika madonda waliyoyaona Dar es Salaam, yaliyotokana na ganzi yalikuwa mengi kuliko yaliyotokana na kuziba kwa damu, na habari hii ni njema kwa namna yake, maana donda la ganzi likiondolewa uzito na kusafishwa mapema hupona bila mashine za gharama. Kwa msingi huo, kuanzia mwaka 2004 walishirikiana na wenzao wa India na Ulaya kufundisha madaktari na wauguzi wawili wawili, daktari na muuguzi wa hospitali moja, ili warudi mikoani wakaanzishe kliniki za miguu. Na fikra ya kuwafundisha wawili pamoja naiona ni ya busara, kwa kuwa daktari huhamishwa, na muuguzi ndiye anayeliona donda kila siku.

Haja ya kliniki hizo itazidi. Uchunguzi ulioongozwa na Donald McLarty katika vijiji vya Tanzania, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta kisukari kwa mtu mmoja hivi katika kila 100 wa watu wazima, au pungufu yake; na uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ukakuta takriban asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Hesabu hizo mbili hazikuchukuliwa kwa njia moja wala mahali pamoja, mjini na shamba si sawa, walakini tofauti iliyopo ni kubwa mno kuwa ni ya kipimo peke yake.

Mbali na nyayo, ipo mishipa inayofanya kazi bila mtu kuiamuru, nayo haisalimiki. Tumbo hushindwa kusukuma chakula, mtu akashiba kwa matonge machache na kutapika alichokula jana, kibofu hakimalizi mkojo, mwanamume hupungukiwa nguvu, akaficha kwa haya jambo ambalo laiti angalilisema lingemfungulia tabibu mlango wa kuyagundua mengine, mtu akiinuka kitandani hupata kizunguzungu akaanguka. Moyo waweza kupata mshtuko pasipo maumivu ya kifua, mgonjwa akahisi kuishiwa nguvu tu. Na lililo hatari kuliko hayo kwa anayetumia insulini ni kwamba sukari ikishuka, kule kutetemeka, kutoka jasho na kwenda moyo mbio, ambavyo humwonya mtu ale upesi, vyote hupotea, akapita moja kwa moja katika kuzirai. Mtu aliyefikia daraja hii akitaka kufunga Ramadhani anahitaji shauri la tabibu kabla ya mwezi kuandama, na ruhusa ambayo sheria imempa mgonjwa haikuwekwa bure.

Si kila ganzi ya mwenye kisukari, hata hivyo, ni ya kisukari, na hapa tabibu mvivu hukosea. Metformini, dawa ya kisukari inayotumiwa kuliko zote, ikitumiwa miaka mingi yaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huleta ganzi inayofanana kabisa na hii, ila ina dawa. Isoniazidi ya kifua kikuu yaweza kuharibu mishipa isipoandamana na vitamini B6. Stavudini, iliyotumiwa zamani kwa virusi vya Ukimwi, iliwaachia wengi nyayo zinazowaka mpaka leo. Ulevi ni sababu. Na ukoma bado upo. Ganzi iliyo upande mmoja, au iliyoanza mikononi kabla ya miguu, au iliyopanda kwa siku chache, yapasa itafutiwe asili yake.

Katika tiba, ukweli ni mchanganyiko wa faraja na onyo. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada kati ya mwaka 1983 na 1993, kwa watu 1,441 wenye kisukari kinachohitaji insulini tangu mwanzo, ulionyesha kwamba wale waliodhibiti sukari kwa ukali walipunguziwa madhara ya mishipa kwa takriban asilimia 60. Lakini kwa kisukari cha watu wazima, kilicho kingi kwetu, faida ya sukari peke yake kwa mishipa ni ndogo zaidi, na ndipo shinikizo la damu, mafuta, uzito na tumbaku vinapostahili kushughulikiwa pamoja nayo. Hakuna dawa iliyothibitishwa kuifufua mishipa iliyokufa. Amitriptilini, duloxetini, pregabalini na gabapentini hutuliza uchungu, hazirudishi hisia. Na anayeuziwa chupa kwa ahadi ya kurudishiwa hisia anadhulumiwa.

Kwa hiyo kazi iliyoachwa na mishipa hupewa macho na mikono. Kwa watu wa pwani nafasi ya kufanya hivyo ipo tayari katika udhu: anayeosha miguu mara tano kwa siku na kupitisha kidole kati ya vidole ana fursa ya kuona mchubuko siku ile ile uliopatikana, mradi atazame, akaushe vizuri katikati ya vidole ambako unyevu huleta ukungu, na asiyeona vizuri amwombe mjukuu amtazamie. Maji ya moto yapimwe kwa mkono wa mtu mwingine mwenye hisia. Moto wa jikoni usiotwe kwa nyayo. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Sugu isikatwe kwa wembe. Kutembea pekupeku kuachwe hata ndani ya nyumba, na katika ua wa msikiti wakati wa adhuhuri kutahadhariwe. Matabibu wa Saudia wameeleza habari za watu waliopoteza viatu baada ya sala, wakakanyaga sakafu iliyochomwa na jua, wakagundua nyumbani kwamba ngozi ya nyayo imebanduka. Kuhusu viatu, fundi wa mtaani anayejua kukata soli pana na kuweka bitana laini aweza kufanya kazi nzuri, akielezwa kwamba ncha ya kiatu iwe na nafasi ya vidole na ndani pasiwe na mshono unaokwaruza. Nami ningependa kuona mafundi hawa wanaalikwa katika kliniki za wilaya, kwani hivi sasa hawajui kwamba kazi yao ni sehemu ya tiba.

Donda likipona, wengi huiacha kliniki, wakidhani mambo yamekwisha. Mishipa haikupona, iliyopona ni ngozi. Katika kila wagonjwa 10 ambao donda limefunga, wapatao 4 hupata jingine katika mwaka ule ule, aghalabu karibu na pale pale, na kwa sababu hiyo mashauri ya kimataifa yanataka mguu wenye hisia kamili utazamwe mara 1 kwa mwaka, ule uliopoteza hisia kila miezi 6 hadi 12, ule uliopoteza hisia na tena umepinda umbo kila miezi 3 hadi 6, na ule uliowahi kuwa na donda kila mwezi 1 hadi 3, maisha yote.